Slabu za Nyuma ya Nyumba

Nyumba tuliyopewa shambani ilijengwa kwa ajili ya mtaalamu wa kigeni. Mkataba wake ulipokwisha akaondoka, nyumba ikakaa tupu kwa muda, kisha tukapewa sisi kwa sababu nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejaa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na shamba la ngano la serikali kule Basotu lilikuwa bado lina nguvu. Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano. Mimi nilifundisha shule ya msingi ya hapo hapo shambani. Nilipangiwa kazi kutoka Mbinga, nikaja na sweta jepesi la kwetu, na mwezi wa sita wangu wa kwanza pale nikajua kwamba sweta lile halikufumwa kwa ajili ya upepo unaoshuka kutoka mlima Hanang. Mume wangu kwao ni Nambis, juu Mbulu, ambako watu wanazaliwa na baridi na hawaizungumzii.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani. Watu walituambia kwamba mke wa yule mtaalamu ndiye aliyeitengeneza, kwa vile alitaka mahali pa kunywa chai jioni bila kukanyaga tope. Basi alitandikiwa mabamba ya zege ya mraba, sisi tukiyaita slabu, kuanzia mlango wa jikoni, yakafanya uwanja wa kutosha meza na viti. Kutoka hapo yaliendelea kama njia nyembamba, yakapita chini ya miti miwili mikubwa ya kivuli, migrivea, mpaka mwisho wa kiwanja. Pembeni alipanda mawaridi. Mwisho wa njia, enzi zake, palikuwa na kibanda cha majembe na mikebe ya rangi. Enzi zetu palikuwa na choo cha shimo. Ndani kulikuwa na choo cha kuvuta maji, cheupe, kizuri, lakini maji ya bomba yalikuja yalipotaka, na siku nyingi hayakutaka, hata bomba lake la taka likaziba tukakiacha.

Mimi sikuzipenda zile slabu. Kwetu uwanja ni udongo. Unaufagia asubuhi, unanyunyizia maji, umemaliza. Slabu zinadai kazi ya namna nyingine. Majani ya mgrivea yakiangukia juu yake na kulowa, yanaacha madoa ya rangi ya chai. Magugu ya ndago yanaota kwenye maungio, na ukiyang'oa unabaki na majani mkononi, mizizi imebaki chini inakusubiri uondoke. Tena chini yake ulikuwa udongo wa mbuga, ule mweusi, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kupitisha mkono, na masika unavimba kama donge la maandazi lililotiwa hamira. Kila mwaka slabu zilisogea. Moja inapanda, jirani yake inazama, na mtu aliyebeba ndoo ya maji anajikwaa.

Mume wangu alizipenda. Wakati wa kuvuna alirudi jioni amejaa makapi ya ngano mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, akavua viatu na kujimwagia maji miguuni hapo hapo kwenye slabu, yakatiririka kuelekea kwenye mawaridi. Alisema ni mahali pekee shambani kote ambapo mtu anaweza kunawa miguu na ikabaki safi.

Mwaka wetu wa pili katika nyumba ile, mwezi wa pili, alikwenda kwao kumzika mjomba wake. Kurudi alipata lifti juu ya lori la mahindi lililokuwa linashuka kutoka Dongobesh. Mvua ya mapema ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko mmoja lori likaserereka, likalala ubavu taratibu, tuseme kwa adabu, kama alivyokuja kusema mwenyewe baadaye. Hakufa mtu. Lakini yeye alikuwa ameketi upande ule ambao lori liliulalia, na mguu wake wa kushoto haukuokoleka. Madaktari walimkata chini kidogo ya goti.

Mwalimu mkuu aliniruhusu kukaa naye hospitalini. Tuliporudi nyumbani masika yalikuwa yameshika. Gari la shamba lilitushusha mbele ya nyumba, majirani wakaja kutupa pole, wakatuletea maharage na kuni kavu, wakaondoka. Nilipofungua mlango wa jikoni nikaona bustani. Hapakuwa na mtu aliyepita pale siku zote zile. Mvua ilikuwa imenyesha, migrivea ilikuwa imemwaga majani, na slabu zote, kuanzia kizingiti mpaka chooni, zilikuwa zimevaa utando wa kijani. Niliweka mguu nikauondoa. Zilikuwa zinateleza kama mlenda.

Nikafagia majani tu, maana jioni ilikuwa imeingia, nikajiambia mengine nitayafanya.

Siku niliyorudi darasani nilimwacha kitandani, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani mahali ambapo angeweza kuyafikia. Mchana nilipoingia nilimkuta amekaa palepale, lakini amevaa suruali nyingine. Ile ya asubuhi ilikuwa imesukumwa uvunguni. Niliivuta. Ilikuwa imelowa, na upande wa nyonga palikuwa na alama pana ya kijani.

"Umeanguka," nikasema.

"Nimeteleza."

"Kuna tofauti gani?"

"Ipo," akasema. Akageuza uso kuelekea dirishani.

Nilitaka kujua ni nani aliyemwinua. Alisema hakuna. Alirudi mwenyewe. Sikuuliza zaidi, kwa sababu niliona viganja vyake vilivyochubuka na nikaelewa alirudi vipi.

Baada ya hapo akawa hatoki mpaka nirudi nimshike. Nilimwambia nitanunua ndoo yenye mfuniko, tuiweke chumbani, ni jambo la muda tu. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa na mgeni. Ndoo ikaishia hapo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimwachia chupa ya chai na mtungi wa maji ya kunywa, na kila mchana nilikuta chai imejaa na maji yamejaa. Nikadhani ni huzuni. Nikadhani chai haina sukari ya kutosha. Midomo yake ilianza kukauka na kupasuka.

"Mbona hunywi?"

"Sina kiu."

Nililielewa jambo hilo nikiwa darasani, katikati ya hesabu. Mtoto mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, naomba kwenda nje," nami nikamruhusu bila kufikiri, akakimbia kwenye mvua kuelekea chooni, miguu miwili, wala haoni kwamba anafanya kitu chochote. Nikabaki nimeshika chaki. Mume wangu alikuwa hanywi maji ili asilazimike kupita kwenye slabu.

Siku hiyo hiyo nilipotoka shule nilijifunga khanga kiunoni nikaanza. Nilikuwa na fagio la nje la vijiti, majivu ya jikoni na ndoo ya maji ya mvua. Nilisugua mpaka mgongo ukagoma. Utando ulitoka kidogo, mwingine ukageuka uji, nikawa ninausambaza kutoka slabu moja kwenda nyingine. Asubuhi ilikuwa kama sijafanya kitu. Nikaenda karakana kuomba brashi ya waya. Wale mafundi walikuwa wenzake. Waliacha kazi wakanizunguka kuuliza anaendeleaje, na mmoja wao akakata vipande vya tairi, akaniambia niviweke kwenye ncha za magongo, mbao tupu haishiki kwenye zege. Brashi walinipa mpya.

Brashi ilifanya kazi. Nilisugua nikipiga magoti, slabu kwa slabu, na chini ya ule ukijani ikaanza kuonekana rangi ya zege, kijivu cha kupauka. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja niliposikia mlango wa jikoni. Alikuwa amesimama pale, magongo kwapani, anaangalia.

"Unasugua vibaya," akasema.

Nilikuwa nimechoka na magoti yananiuma. "Basi njoo usugue wewe."

Nilijuta kabla sentensi haijaisha. Lakini yeye hakukasirika. Aliendelea kuangalia zege kwa makini, jinsi alivyokuwa akiangalia shamba la ngano kuona upepo umeilaza upande gani.

"Unasugua katikati ya slabu," akasema. "Katikati hapana kitu. Uchafu unatoka kwenye maungio. Huo udongo na ndago ndivyo vinavyoshika maji. Ukiacha maungio, kesho utando unarudi." Akaonyesha slabu kwa ncha ya gongo. "Niletee gunia. Na la pili."

Nikaleta magunia. Akayatazama pale chini, akayatazama magongo, akaniambia niende jikoni nikaangalie maharage. Hapakuwa na maharage jikoni. Nikaenda. Nikasikia magongo yakigonga zege, kisha kimya, kisha pumzi nzito. Nilipotoka alikuwa ameketi chini kwenye gunia, mguu mzima umekunjwa, mwingine umenyooshwa mbele na kufungwa gunia la pili usiguse maji.

"Sasa," akasema, "kesho ukipita karakana waambie wakupe kisu kibovu cha kombaini. Kile cha pembetatu. Leo nipe kisu cha kukatia nyama."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kisu cha kombaini kilifungwa kitambaa upande mmoja ili kisimkate, na kwa ncha yake alikwangua maungio yote, akatoa udongo, akafuata mizizi ya ndago mpaka kwenye vile vijinundu vyake, akavitupa kwenye karai. Alipomaliza ungio moja alijisukuma kwa mikono, gunia likateleza, akafika kwenye jingine. Niliporudi kutoka shule kila siku nilikuta amefika mbali kidogo kuliko nilivyotegemea. Nilisugua kwa brashi nyuma yake. Yeye mbele, mimi nyuma, na mvua ikianza tunaingia ndani tukiwa na tope mpaka kwenye viwiko.

Chupa ya chai nikaanza kuikuta tupu.

Baadaye akagundua kwamba kusafisha hakutoshi. Palipokuwa na slabu iliyozama, maji yalituama, na palipotuama maji utando ulirudi siku ya pili. Alitaka slabu zing'olewe na kulazwa upya. Nikamwambia hilo ni kazi ya mafundi wa shamba. Akasema mafundi wa shamba watakuja mwezi wa tisa, wakati hapana utando. Basi nikaazima mtaimbo na toroli. Yeye alikaa chini akachomeka mtaimbo pembeni mwa slabu, akaegemea kwa kifua na mabega, na slabu ikainuka na sauti ya kunyonya. Chini yake palikuwa na minyoo na udongo mweusi unaong'aa. Tukauchimba udongo ule, tukatia kokoto, kisha mchanga ambao nilikuwa ninauchota korongoni kwa toroli, yeye anausawazisha kwa ubao, analaza slabu, anagonga kwa mpini wa nyundo. Hakuwa na pimamaji. Alimwaga kikombe cha maji juu ya slabu akaangalia yanakwenda wapi. Yalitakiwa kwenda kwenye mawaridi. Yakienda kwingine, tunaing'oa tena.

Ilikuwa katika kazi hiyo ndipo tulipoanza kuzungumza tena kama watu waliooana. Alinisimulia lori lilivyolala. Alisema alipokuwa chini ya magunia ya mahindi jambo aliloliwaza ni kwamba aliacha redio bila kuitoa betri, na betri zitavuja. Akacheka. Nami nikacheka mpaka nikakaa chini, na machozi yakatoka, ambayo nilikuwa sijayatoa hospitalini wala nyumbani.

Basi siku moja ya Jumamosi tukiwa katika hali hiyo, yeye amelala kwa ubavu anapapasa chini ya slabu kutafuta jiwe, amejaa tope kuanzia kifuani, mimi nimesimama juu yake na koleo, geti la nyuma likafunguka. Alikuwa mama yake. Alikuwa ametoka Nambis, akalala Dongobesh kwa ndugu, akapata gari la shamba. Mgongoni alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, mkononi kuku. Hakuwa amemwona mwanawe tangu siku ya mazishi ya mjomba, alipomsindikiza akitembea kwa miguu yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Kwa watu wa kule, na hata kwetu, mkubwa asipoitikia shikamoo hilo ni neno zito. Alimwangalia mwanawe. Mwanawe, kwa haraka ya kutaka kumpokea, akajisukuma kuelekea kwake kwa mikono, akiburuta gunia. Yule mama akamwachilia kuku. Alisema maneno kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, ambayo wakati ule nilikuwa ninayasikia nusu tu. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose hata neno moja:

"Mwalimu. Mimi nilikupa mtoto mzima. Leo ninamkuta anatambaa kwenye matope, na wewe umesimama."

Niliweka koleo chini, nikamfuata kuku, nikamkamata kwenye mawaridi, nikaingia naye jikoni. Niliwasha moto wa chai. Nilikuwa na hasira, au aibu, sikujua ipi. Lakini nilipochungulia mlangoni na kumwona yule mama amesimama katikati ya slabu, viatu vyake vya plastiki mkononi, akimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka pale gunia lilipoishia, hasira ikanitoka. Mimi nilikuwa nimepata majuma ya kuuzoea ule mguu. Yeye alikuwa anauona kwa mara ya kwanza, ukiwa kwenye tope.

Walizungumza muda mrefu. Mume wangu alibaki ameketi chini, mama yake amesimama. Mwisho nikaona mama ameketi, si kwenye kiti nilichomletea, bali juu ya rundo la slabu tulizong'oa.

Baadaye nilimuuliza mume wangu alimwambia nini.

"Nilimwambia nikisimama mimi ni mgonjwa," akasema. "Watu wananishika mkono. Huku chini sijapungukiwa kitu."

Usiku ule mama hakusema nami zaidi ya kuomba chumvi. Asubuhi nilimkuta ameshaamka, moto unawaka, sufuria kubwa limechemka. Ndani yake alikuwa ametia bonge la ile chumvi ya ziwa Balangida ambayo watu wa kule wanawapa ng'ombe. Nilikuwa nimeiweka stoo bila matumizi. Alibeba sufuria mpaka uwanjani, akamwaga yale maji ya moto kwenye maungio, taratibu, ungio kwa ungio, kama anayemwagilia miche.

"Ndago hairudi hapa," akasema. Hakunitazama, lakini alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo nilijua ananiambia mimi.

Ndago hazikurudi. Waridi moja lililokuwa karibu na maungio hayo likafa, lile jekundu, na hatukumwambia mama ni kwa nini. Alipouliza, mume wangu akasema ni ugonjwa wa mawaridi. Mama akamwangalia, akasema, "Ugonjwa wa chumvi," akaenda zake.

Mama alikaa nasi masika yote. Kazi yake alijichagulia mwenyewe. Mimi nilikuwa ninaangalia slabu kwa macho, nikiona kijivu ninasema imetakata. Yeye alivua viatu. Alitembea juu ya njia ile pekupeku, asubuhi, slabu zikiwa bado na umande, akikanyaga kwa unyayo mzima na kuusukuma mbele kidogo. Palipoteleza alisimama. "Hapa bado," anasema, na mwanawe anajisukuma mpaka pale na brashi. Hakukosea. Mahali ambapo mimi sikuona kitu, unyayo wake ulipaona.

Ni yeye aliyesema kwamba mti ndio mkosaji. Chini ya migrivea jua halikufika hata mvua ilipokatika, na zege lililokaa kivulini halikauki. Mume wangu alitaka kuomba mtu wa shamba aje kukata matawi. Mama akasema, "Kwani mwalimu hajui kupanda mti?"

Nilijua. Kwetu nilikuwa nimepanda miembe kuliko kaka zangu. Lakini nilikuwa sijapanda mti tangu nipate cheti cha ualimu. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikafunga panga kiunoni kwa kamba, nikapanda. Mama alisimama chini akinielekeza tawi la kukata, mume wangu amekaa kwenye gunia akimwambia mama asimame mbali. Nilikuwa nimefika juu, nimekumbatia shina kwa mkono mmoja, niliposikia sauti nyingi pamoja kutoka upande wa ua:

"Shikamoo mwalimu."

Wanafunzi wangu walikuwa wanapita kwenda kuchota maji. Walikuwa wamesimama kwa mstari, ndoo kichwani, wanatazama juu.

"Marahaba," nikajibu kutoka kwenye mti. "Hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu."

Hawakuondoka mpaka nilipomaliza kukata. Nilipotazama chini, mama mkwe alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya shuka lake, mabega yanatikisika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Jua likashuka kwenye slabu mchana ule, kukawa na mabaka ya mwanga kwenye njia nzima mpaka chooni.

Mwezi wa nne, mvua ilipokuwa kubwa, ile inayonyesha mpaka huwezi kusikia mtu aliye chumba kimoja nawe, tulikuwa jikoni tukinywa chai sote watatu. Mume wangu alikunywa kikombe chake, akaomba kingine, akakinywa. Kisha akachukua magongo yenye vipande vya tairi, akaweka mfuko wa mbolea kichwani, akafungua mlango. Mama akainuka. Nilimshika mkono, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kuthubutu kufanya, na yeye akakaa. Hatukwenda hata dirishani. Tulikaa tukiangalia vikombe. Mvua ilifunika kila sauti, kwa hiyo hata kama angeanguka tusingesikia. Muda ulipita ambao sijui niueleze vipi. Mlango ukafunguka, akaingia, maji yanamchuruzika, akaweka magongo ukutani.

"Ile slabu ya pili kutoka mwisho inacheza," akasema. "Mvua ikikatika tuitoe."

Mama akamwaga maneno ya Kiiraqw, ya haraka, na mume wangu akacheka. Sikuuliza yalikuwa na maana gani.

Mwezi wa sita mama alisema anarudi kwake. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani kwake, na ng'ombe walikuwa wameachiwa watu wengine muda wa kutosha. Asubuhi ya kuondoka alifagia uwanja wote mwenyewe, akapiga maungio kwa ncha ya fagio, akasimama kuangalia. Mume wangu alisema atamsindikiza mpaka gari linaposimama. Slabu ziliishia karibu na choo, kwenye geti la nyuma. Nje ya geti ulikuwa udongo wa mbuga, umeshakauka, umepasuka, na kila ufa ungeweza kumeza ncha ya gongo. Mama alimtazama akasema hapana, tuagane hapa. Yeye akatoka. Alikwenda polepole, akichagua pa kuweka gongo, mama yake kando yake hajamshika, mimi nyuma na mzigo. Mara mbili gongo lilizama, akalitoa. Tulifika tumechelewa na dereva alikuwa ametusubiri.

Kabla ya kupanda, mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko ile brashi ya waya. Alisema, "Mwalimu, usimfanyie yote."

"Sawa, mama," nikasema.

"Na wewe pia usifanye yote. Kaa chini wakati mwingine."

Msimu wa mavuno ulipoanza, mume wangu alirudi kazini. Kombaini hakupanda tena. Walimpa kazi ya stoo ya vipuri, ambako alivijua visu na mikanda kwa kuvishika tu, na wenzake wakawa wanakuja kumwuliza mambo ya mashine hata walipokuwa hawahitaji kipuri. Baada ya muda alipata mguu wa bandia, akaulalamikia kwa miaka mingi na kuuvaa kila siku. Tulizaa watoto wawili katika nyumba ile. Wote walijifunza kutembea kwenye slabu, na wote walivunja meno yao ya mbele hapo.

Shamba lilipoanza kudorora tulihama mapema, tukajenga Dongobesh, nyumba ndogo ya matofali. Mafundi walipouliza kama tunataka uwanja wa zege, tulitazamana. Mume wangu alisema ndiyo, lakini pakiwa wazi juani, na maungio atayajaza mwenyewe. Aliketi chini kwenye gunia, mchana kutwa, akiwa na karai la simenti na mwiko, na mimi nikaleta kiti changu nikakaa karibu naye nikisahihisha madaftari.